Kitabu Alichokiunguza Mama Yako

Luang Prabang, mavuno yamekwisha

Mwanangu Kop,

Salamu. Natumaini huko Vientiane mko wazima, wewe na Sengphet wako. Huku tunaendelea. Goti langu la kushoto linauma nikipanda ngazi, nikishuka haliumi, kwa hiyo siku hizi nashuka kwa furaha. Mama mkubwa Khamla anakusalimu. Macho yake yamekwisha lakini mdomo uko palepale. Mchele mwaka huu umejaa ghala. Mbwa amezaa tena, sijui na nani.

Kabla sijaenda mbali. Hicho kifurushi kilichokuja na barua usikifungue. Nimekishona mwenyewe kwa uzi wa gunia ili kikusumbue. Nakujua. Ulipokuwa mtoto ulikuwa unachungulia vikapu vya wali kabla watawa hawajapita. Kiweke kando, soma kwanza. Nitakwambia saa ya kufungua.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Ulipopiga ukasema unataka ile sketi nyekundu ya mama yako, ya hariri, uivae siku ya harusi, ya kufungwa nyuzi mkononi na Sengphet, nilikujibu haya, nikakata. Ukadhani chaji imekwisha. Haikwisha. Ukapiga tena, nikamwambia mama mkubwa aseme nimekwenda kuoga. Alisema hivyo, halafu akaja kunisimanga. Mwanamume mzima, anasema, unamkimbia mtoto wako mwenyewe unajificha kwenye ndoo ya maji. Ni kweli. Basi habari ya sketi ninayo, lakini haiwezi kuja peke yake. Inapitia kazini kwangu. Vumilia.

Unajua niliacha zege baada ya goti. Sasa ni mchukuzi maktaba ya chuo kikuu, ghorofa ya juu kabisa, Chumba cha Vitabu vya Kale. Ulicheka uliposikia. Ulisema baba na vitabu wapi na wapi. Hata mimi nilicheka. Lakini hivi si vile vya shule vilivyonifukuza. Ni vya majani, kama vya hekaluni, majani marefu yametobolewa yakapitishwa uzi, juu kibao na chini kibao. Herufi zimekwaruzwa kwa ncha ya chuma zikapakwa masizi. Kuna vya dawa, kuna vya dua, kuna vya sheria za zamani, kuna kimoja cha namna ya kuchagua nguzo za nyumba. Kuna ramani za enzi za wafalme. Kuna picha za watu waliokwisha kufa, wote wamekunja uso kana kwamba walijua.

Mimi nabeba makasha. Nafuta vumbi kwa brashi laini. Mtu akija kusoma namletea kitabu mezani, akimaliza nakirudisha. Kitabu hakitoki mlangoni. Hata akija waziri atakaa mezani kama wengine. Kwenye zege ukiangusha ndoo unatukanwa, yanaisha. Hapa jani likivunjika, Mwalimu Malaithip hakutukani. Ananyamaza. Bora angetukana.

Huyo ndiye mkubwa wetu. Mwembamba, miwani ameifunga kamba shingoni, ananiita mjomba. Siku ya kwanza alinifundisha kunawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia hata siku naoa sikunawa hivi. Akasema ndiyo maana mkeo alilalamika. Hakuwahi kumwona mama yako lakini alipatia.

Mwingine ni Mzee Bounpheng. Alikuwa mtawa tangu utoto, uzeeni akavua joho kwa ajili ya mjane mmoja muuza supu ya tambi. Anasoma herufi za kale kama wewe unavyosoma bei sokoni. Nikiburuta miguu ananiambia mjomba, hivi vitabu vimekaa miaka mia mbili na bado vina haraka kuliko wewe. Namjibu kwamba vitabu havina goti. Tunaishi hivyo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita yaliletwa makasha kutoka hekalu la kijijini kwao mama yako. Mvua ilibomoa paa, mchwa wakaingia kabatini. Mtawa mkuu mwenyewe ndiye aliyeomba chuo kivipokee vitabu. Alikuja navyo kwenye lori, amekaa nyuma juu ya makasha, alikataa kukaa mbele na dereva. Alipofika alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani. Akayahesabu mabunda yake kimyakimya, akanigeukia akasema taratibu kwenye ngazi, mwanangu, wengine humo ni wazee. Nilipanda taratibu. Goti nalo lilikubaliana naye.

Tukaanza kufungua. Mabunda mengi vitambaa vyake vya kufungia vimeliwa. Vingine vimebaki nyuzi tu. Mimi natoa, nafuta, nampa Mzee Bounpheng anasoma jina, Mwalimu anaandika kwenye kadi. Tukafika kwenye moja halina kitambaa kabisa. Liko uchi. Vibao viwili na uzi. Nikaligeuza nifute. Kwenye kona ya kibao cha juu pameungua. Doa jeusi la kiasi cha kidole gumba, na nta ya mshumaa imegandia hapohapo.

Nikakaa chini.

Wewe umeshajua ni kitabu gani. Lakini Sengphet hajui, na nataka umsomee hapa, awajue watu anaotaka kuwaoa. Kule kwao mama yako, siku ya sherehe ya kusoma, kila nyumba ina sura yake. Mtawa anasoma sura yenu, nyinyi mnatoa sadaka, na mtoto wa nyumba anamshikia mtawa mshumaa karibu na jani. Mwaka huo mtoto alikuwa Onkeo, mama yako, meno ya mbele hana. Joto, watu wamejaa, tumbo lake limejaa wali wa kunata. Mtawa anasoma, anasoma. Onkeo akasinzia. Mshumaa ukalala pamoja naye, juu ya kibao kilichowekwa pembeni. Mtawa akasikia harufu, akapuliza, akaendelea bila kuruka neno. Bibi yake alimshika sikio kutoka hekaluni mpaka nyumbani hakuliachia. Baadaye mama yako alirudi peke yake, akakipigia magoti kile kitabu, akakiahidi kwamba akikua atakifumia kitambaa kizuri kushinda vyote kabatini.

Akakua. Akanifumia mimi, akakufumia wewe, akafumia watalii. Harusi za wenzake zote alifuma yeye. Kitabu kikangoja. Nikimtania, anasema kitabu hakisikii baridi, kinaweza kungoja, wewe ndiye huwezi kungoja hata wali uive. Alipolala kitanda cha mwisho, nyuzi za kitambaa hicho zilikuwa zimeshatandwa kwenye mtambo. Zipo mpaka leo. Kuna shubiri moja imefumwa. Kuku analala juu yake na mimi simfukuzi.

Basi nimekaa sakafuni. Mwalimu akadhani ni moyo. Akataka kunipa maji, akakumbuka maji hayaingii chumba kile, akanikokota kwanza mpaka nje ya mlango ndipo akaninywesha. Ningekuwa nakufa ningefia kwenye kanuni. Nikamweleza habari ya mshumaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akarudi ndani akachukua kadi, alikuwa ameandika kona imeungua, sababu haijulikani. Akafuta hayo mawili ya mwisho. Akaniuliza jina lote la mama yako na jina la baba yake na kijiji, akaandika kwamba ndiye aliyeshika mshumaa, akasinzia.

Mzee Bounpheng akasema watu wanakesha miaka na miaka jina lao liingie chuo kikuu, mkeo ameingia kwa kulala.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Sijui yalikuwa ya kucheka.

Sasa shida ikaanza. Bunda lililokuja na kitambaa chake cha zamani linabaki nacho. Lililokuja uchi linashonewa cha pamba nyeupe. Ni kitambaa kizuri, hakina dawa za kiwandani, Mwalimu alinionyesha. Lakini mimi nikiviona vile vyeupe vimelala rafuni naona wagonjwa wodini. Nikamuuliza kama mtu anaweza kuleta kitambaa chake. Akasema anaweza. Wanawake wa nchi hii wametoa vitambaa tangu zamani, alisema, wengine walitoa sketi zao wenyewe, vitabu vifungwe na thawabu ziwafuate. Humohumo chumbani ziko. Ila kiwe hariri au pamba ya kweli, kiwe safi, na kikishaingia hakirudi. Akanitazama juu ya miwani, akarudia. Hakirudi, mjomba. Akasema atamwambia fundi alishone lile bunda mwisho.

Nilikwenda kwa mama mkubwa nimuombe amalizie kilichoko kwenye mtambo. Akamfukuza kuku, akapapasa nyuzi. Akasema panya wamekula nusu na nusu nyingine yeye haioni. Nikaenda sokoni. Nilishikashika vitambaa mpaka yule mama muuzaji akaniuliza kama natafuta kitambaa au natafuta mke. Vyote vya mashine. Unajua mama yako alisemaje juu ya kitambaa cha mashine. Cha kufutia mbwa miguu. Nikarudi mikono mitupu.

Nikafungua sanduku. Hapo wewe ulikuwa umeshapiga simu.

Nguo zake nyingine tuligawa, ulikuwepo. Ilibaki ile nyekundu tu. Ni kitu pekee alichojifumia akakataa kuuza, hata mwaka ule tulipokula mihogo. Nikaiweka magotini. Upande mmoja wewe, mwanangu wa pekee, unataka kusimama mbele ya mama mkwe wako na mama yako umemvaa. Haki yako. Upande wa pili yeye na ahadi yake. Nilikasirika, Kop. Nilimkasirikia yeye. Alikuwa na miaka yote ile, akafumia kila mtu, halafu akaniachia mimi nisiyejua hata kufunga fundo.

Asubuhi nikiwa nimepiga magoti njiani nawapa watawa wali, huwa naongea naye moyoni. Siku hiyo nilimuuliza. Hakujibu. Nilipokuwa nimemaliza wali kikapuni bado hajajibu. Lakini hata alipokuwa hai, ukimuuliza kitu ambacho jibu lake unalijua, alikuwa hakujibu. Alikuwa anaendelea kufuma.

Basi. Nimeitoa. Sketi ya mama yako iko chuo kikuu. Imefunga kitabu alichokiunguza, na haitarudi.

Pumzika hapo kidogo. Kama unataka kunitukana, nitukane, Sengphet aende uani. Najua ulivyo sasa hivi, umekunja midomo kama yeye. Na usiseme ningekuuliza. Ningekuuliza, ungesema toa baba, kwa sauti nzuri kabisa, halafu ungekwenda kulia bafuni. Sikutaka ujilazimishe. Bora unikasirikie mimi. Mimi nimezoea, nimeishi na mama yako.

Lakini barua haijaisha, usiirushe.

Niliipeleka imekunjwa ndani ya jani la mgomba. Nzima, kama ilivyotoka sandukuni. Nikaiweka mezani, mikono nimenawa mpaka kwenye kiwiko, nimechana nywele. Najiona nimefanya jambo. Mwalimu akaikunjua. Mzee Bounpheng akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole kabisa, mjomba, unataka mkeo akanyage maandiko?

Ndipo nikaona. Pindo. Nilileta sketi na pindo lake. Ile sehemu ya chini inayogusa miguu na vumbi la njia, mimi nataka kuizungushia neno takatifu. Kila mtu wa nchi hii analijua hilo. Mimi mwenyewe mama yako alinigombeza mara ngapi nikianika sketi yake juu ya kamba ya mashati. Siku hiyo nilikuwa naona nyekundu tu. Nilitamani sakafu ifunguke. Mwalimu alikuwa ameshachukua kiwembe kidogo. Akamwambia Mzee amwache mjomba, pindo lilishonwa kwa uzi mwepesi ili lipate kufumuliwa, ndivyo lilivyo tangu zamani. Mzee akasema yeye hamsumbui mtu, anamuokoa tu mke wa mwenzake asizaliwe tena kuku. Nikamwambia kuku tunaye tayari.

Mwalimu akafumua. Hakukata hariri hata kidogo, anainua uzi mmoja, anavuta, anainua mwingine. Mwili wa sketi ukabaki peke yake, mwekundu, safi. Tukakifunga kitabu. Mzee alisoma maneno, mimi nilishika ncha ya kitambaa. Kimetosha. Kimetosha vizuri mno, kana kwamba alipima.

Halafu Mwalimu akalinyoosha pindo kwenye meza ya kusomea. Unalikumbuka, lile la nyuzi za dhahabu. Akapitisha kidole taratibu, akafika mahali akasimama. Akaniuliza hapa palitokea nini, mbona mstari umepinda, na mfumaji mwenyewe hodari.

Kop, nilikuwa nimesahau. Kweli nilikuwa nimesahau kabisa, mpaka alipoweka kidole.

Mwili wa sketi ile mama yako aliufuma akiwa msichana, hajanijua. Pindo ni la baadaye. La kwanza lilichakaa, akafuma hilo akiwa na mimba yako. Tumbo linagusa mtambo. Kila ukirusha teke mkono wake unaruka. Anasema huyu si mtoto, huyu ni chura, ananiharibia kazi. Hapo ndipo ulipolipata hilo jina lako la chura, Kop. Mimi nilikuwa nakwambia ni kwa sababu ya kelele zako wakati wa mvua. Nilidanganya, nilikuwa nataka ucheke. Siku moja ulipiga teke kubwa, mstari wote wa dhahabu ukaenda kando. Nikamwambia afumue arudie, watu wataona. Akasema waone. Hapo ndipo mwanangu alipobisha hodi.

Nami ndilo hilo nililotaka kulifunga rafuni milele, kwa kutoangalia.

Mwalimu alilikunja kwa karatasi laini. Akasema hili haliingii chumbani kwake, halina kadi, lina mwenyewe, nimpelekee.

Sasa fungua kifurushi.

Liguse. Tafuta mahali palipopinda. Ukianzia kwenye mshono, pako mbele kidogo tu.

Lishone kwenye sketi mpya, rangi uipendayo. Mama mkubwa anasema kijani, ndiyo inayomfaa chura. Anasema pia usimpe fundi wa mjini atumie cherehani, lishone kwa mkono, uzi mwepesi, ili siku moja wewe nawe umfumulie mtu. Mama mkwe wako akiuliza kwa nini mstari umekwenda kando, mweleze. Akikunja pua, niachie mimi.

Nitakuja harusini kwa basi, na mchele, na samaki wa kuchacha aliyefungwa vizuri safari hii. Ule mwaka wa basi kunuka sikuusahau, na dereva naye hakuusahau. Kama bado utakuwa umekasirika, niambie mapema, nitakaa jikoni na wakaangaji. Sitaondoka lakini.

Baada ya harusi njooni wote wawili. Mtapanda ngazi zile, mtaandika majina mlangoni, mtanawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Mwambie Sengphet asilambe kidole akifunua, Mwalimu atanyamaza. Kaeni meza ya dirishani. Kitabu hakitoki, lakini mtu yeyote anaruhusiwa kukiomba, si lazima uwe msomi. Sema unaomba kile kilichoungua. Mimi nitaingia ndani, nitakubebea kwa mikono miwili, nitakiweka mbele yako. Halafu nitasimama kando kama inavyotakiwa. Utakaa naye utakavyo. Mimi ndiye wa kurudisha, na siku hiyo sina haraka.

Herufi zangu unazijua, palipofutika si maji, ni jasho. Mama mkubwa anasema niache kujisifu kwa kuandika, wali unaungua. Msalimie Sengphet, mwambie ale. Msalimie na mama yake. Jirani wa chini anakusalimu, na mtawa mkuu wa kwao mama yako anakuombea. Ubaki salama, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Thongdam

Uzi wa gunia usiutupe. Ni mzuri. Nirudishie ukija.